Kabati la PS: usiniulize idadi ya matundu

Tangu niweke picha ya kabati la PS (PlayStation, mashine ya gemu) nililopeleka Shela mwezi uliopita, simu yangu haitulii. Wengi wananipongeza, na pongezi nazipokea zote, sitajifanya mnyenyekevu. Lakini kijana mmoja wa Malindi, seremala mwenzangu kwa maelezo yake, ameniandikia hivi: "Kaka, kabati safi sana. Nitumie tu idadi ya matundu ya hewa na saizi ya keekee, hayo mengine nitajua mwenyewe."

Hayo mengine ndiyo kabati lenyewe! Kutoboa anatoboa yeyote mwenye keekee na stima. Nimeona bora niandike kwa urefu, mwenye haraka zake aishie hapa.

Mimi nimekulia kwenye karakana ya milango. Aliyenifundisha ni mzee wa nakshi, mtu anayeweza kukaa na patasi kutwa nzima juu ya kipande cha mvule kisichozidi urefu wa mkono. Nilipoanza kutengeneza makabati ya gemu, mafundi wenzangu wa hapa Lamu walinicheka waziwazi. Eti fundi wa milango amegeuka fundi wa michezo ya watoto. Leo wawili kati ya hao hupita karakanani wakijifanya wanasalimia, macho yao kwenye vipimo. Karibuni. Chai ipo.

Kilichoniingiza kwenye kazi hii ni mpwa wangu. Alifungua chumba cha gemu Langoni, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, na PS4 zake akazitia kwenye zidaka. Kwa asiyezijua nyumba zetu, zidaka ni vile vishubaka vya ukutani ambamo wazee walipanga sahani za kaure. Zilipendeza mno humo, wateja walikuwa wakipiga picha. Shida ni kwamba kidaka kina upande mmoja tu ulio wazi, wa mbele. PS4 hutoa joto lake nyuma. Joto linagonga jiwe, linageuka, linarudi mbele, na mashine inalivuta tena ndani. Mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na kusi haijaingia, feni za ndani zilikuwa zikilia hadi nje unasikia. Mara tivi inaandika kwamba mashine imepata joto kupita kiasi na izimwe. Mechi iko nusu, vijana wanadai pesa zao, mpwa wangu ananipigia mimi simu utadhani nimeiunda mimi.

Niliifungua moja kwa bisibisi. Mapezi ya kupozea yalikuwa hayaonekani. Yamefunikwa na utando mweupe, chokaa ya ukutani iliyochanganyika na nyuzi za mkeka, na unyevu wa bahari umeushikamanisha hata ukipuliza hauondoki. Nilikaa na mswaki nikiutoa kidogo kidogo, mwingine ulitoka kipande kizima, na alama za mapezi zimechapika juu yake.

Mzee wangu alipita nikiwa katika kazi hiyo. Hajawahi kushika padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, maishani mwake. Nilipomweleza, aliangalia kidaka, akaangalia dari ya boriti, akasema, "Hari haikai tini, mwanangu, hupanda yuu. Ipe mlango." Akaenda zake kuswali. Mafunzo yote niliyoyatafuta baadaye kwenye intaneti yalikuwa maelezo marefu ya maneno hayo.

Sasa hesabu, maana kuna watu hawaamini mpaka waone namba. PS5 ikicheza gemu nzito hula karibu wati 200. Wati hizo hazipotei, karibu zote hutoka zikiwa joto. Ukitaka hewa inayotoka kabatini isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, basi lita 16 au 17 za hewa zipite kila sekunde. Karibu ndoo nzima ya lita 20, kila sekunde, saa zote mtu anacheza. Na Sony wenyewe, wanaoziunda PS, wanasema mashine yao itumike penye joto la nyuzi 5 hadi 35. Chumba cha Lamu mwezi wa Machi mchana hufika 32 bila kuwashwa chochote. Zimebaki nyuzi 3 za kuchezea, na wewe unaniuliza saizi ya keekee.

Ndiyo maana mimi mgongo siutii kabisa. Kabati la PS kwangu halina ubao wa nyuma. Lina mbao mbili za kulishika lisiyumbe, basi. PS5 ya kwanza, ile iliyotoka 2020, ina urefu wa sentimita 39, kina cha 26 na unene wa kama 10 na nusu, na maelekezo yake yanataka isikaribie ukuta kwa chini ya sentimita 10. Nikiilaza, chumba chake nakipa upana wa 60, kimo cha 25 na kina cha 45. Halafu nyuma ya miguu napigilia vipande viwili vya mbao vyenye urefu wa sentimita 10, vinavyotangulia kugusa ukuta. Hivi vipande ndivyo siri yangu kubwa na ndivyo ambavyo hakuna aliyeviona kwenye picha. Maana wewe utaliweka kabati mbali na ukuta, na ukiondoka tu mama mwenye nyumba atalisukuma mpaka likome. Kwetu kila kitu lazima kiegemee ukuta. Huwezi kushindana naye, mwachie asukume, vipande vitamzuia.

Mbele naweka milango ya vijiti vilivyopishana, nakshi kidogo ya Kibajuni pembeni kwa anayetaka kulipia. Vijiti vinapitisha hewa, na rimoti ya tivi inasoma katikati yake. Padi zenyewe hazina shida, zinatumia Bluetooth, mbao haizizuii. Wavu wa chuma ndio usiweke, utakata mawimbi halafu useme padi ni mbovu. Chini, kwenye sakafu ya chumba, naacha mwanya wa sentimita 5 kwa 40, na juu kwa nyuma mwanya mwingine usiopungua huo. Miguu iwe na kimo cha sentimita 10 angalau, hewa iingie na maji ya deki yapite bila kulamba ubao. Kama mashine ni mbili, kila moja na chumba chake na ubao mzima katikati, isije moja ikavuta pumzi ya mwenzake. Aliye na Xbox Series X, mashine ya gemu ya kampuni nyingine, akumbuke kwamba ile ikisimama hutoa joto juu, kwa hiyo rafu ya juu yake iwe ya vijiti, si ubao.

Wapo wanaouliza feni. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 5 inayochomekwa kwenye USB, inasaidia, hasa ukiiweka juu kwa nyuma ikitoa hewa nje. Lakini feni haiponyi kabati lililofungwa. Hewa isipokuwa na pa kuingilia, feni itazunguka na kupiga kelele tu.

Kujua kama umefaulu huhitaji kifaa. Chukua udi wa kijiti, uwashe, mashine iwe imechezwa angalau nusu saa. Uweke karibu na mwanya wa chini. Moshi ukivutwa ndani ukatokea juu nyuma, njia ipo. Ukizungukazunguka mbele ya milango kama mgeni asiyejua nyumba, rudi kwenye msumeno. Mimi hufanya hivi mbele ya mteja, na nyumba inabaki na harufu nzuri.

Padi sasa. Watu wengi wanaweka rafu ya kuchajia juu ya mashine kwa sababu ndipo panapobaki nafasi. Betri ya lithiamu haipendi joto, na maelekezo ya Sony yanataka padi ichajiwe penye nyuzi 10 hadi 30. Juu ya PS5 inayofanya kazi hupati 30 hapa kwetu hata mwezi wa Julai. Rafu ya padi ikae ubavuni, chini, mbele wazi kabisa. Padi ya PS5 ina betri ya mAh 1,560 (kipimo cha chaji inayobebwa) na huchukua kama saa 3 kujaa, ya PS4 ina mAh 1,000 na huchukua kama saa 2. Ya kwanza inatumia waya wa Type-C, kama wa simu za siku hizi, ya pili ni waya ule mdogo wa zamani, kwa hiyo waya usizibane kwa gundi, ziache zibadilishwe. Kichwa cha chaja ya simu cha ampea moja hakitoshi padi nne. Na tundu la kupitishia waya lipishe plagi nzima ya meno matatu, sentimita 6. Nimeona fundi amekata plagi ya watu ili waya upite kwenye tundu lake zuri la sentimita 2.

Kuhusu mbao sitasema mengi. Fremu ya mvule, rafu za plaiwudi ya milimita 18, skrubu za shaba. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, pwani ni kupoteza pesa, unyevu wetu utaivimbisha kingo zote. Kukata na kupiga randa hakuna jipya.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo bado linaniuma na nitalisema bila kumtaja mtu. Kuna mteja alikuja na picha ya kabati kutoka Ulaya, vioo mbele, mgongo umezibwa, kila kitu kimefichwa. Nikamweleza yote haya. Akasema vumbi halitaki nyumbani kwake, na pesa ni zake. Nikatengeneza alivyotaka, nikiwa nimemwambia mbele ya mwanawe kwamba milango hiyo iwe wazi kila inapochezwa gemu. Haikuchukua muda mashine ikaanza kujizima. Unadhani aliilaumu picha ya Ulaya? Aliketi barazani baada ya Isha, mbele ya watu ninaowaheshimu, akasema kazi zangu zinaharibu mashine za watu. Salio langu hadi leo sijaliona. Tukikutana njiani anapishana nami akiangalia punda.

Basi nawaambia mafundi vijana, sikilizeni. Mteja achague rangi, achague nakshi, achague hata kimo cha miguu, mradi kisipungue ile 10. Njia ya hewa ni yako fundi, na usiiuze kwa sababu mtu amekuja na picha nzuri. Ukiona hataki kuelewa, mwachie aende kwa mwingine. Utalala na njaa ya siku moja, lakini jina lako halitalala barazani. Tuna tabia ya kusema "ndiyo bwana" kwa kila anayetoa pochi, halafu tunalalamika ufundi hauheshimiwi. Utaheshimiwaje kama wewe mwenyewe huusimamii? Mzee wangu aliwahi kumrudishia tajiri pesa zake kwa sababu ya mlango mmoja aliotaka uharakishwe.

Vumbi nalo lina dawa yake, tena rahisi. Kipande cha chandarua kwenye mwanya wa chini, kifungwe kwa vibanio ili kitoke, kifuliwe kila wiki. Kisipofuliwa kinageuka kuwa ukuta, afadhali usikiweke. Na mara moja kwa mwaka mashine ifunguliwe isafishwe, hasa nyumba za chokaa.

Anayetaka kuagiza kwangu anitumie picha ya ukuta, jina la mashine na idadi ya padi. Vioo siweki tena, hata kwa bei maradufu. Nusu ya malipo kabla sijakata mbao, nusu nyingine kabla kabati halijapanda mgongoni mwa punda.