Tezi za mate na mionzi: majibu ya maswali yenu

Naanza mionzi ya koo. Mbona napigwa tena CT na MRI ilhali uvimbe ulishaonekana?

Pole sana. Picha za mwanzo zilitafuta ugonjwa, hizi ni za kupanga tiba. CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, unapigwa umevaa barakoa ya plastiki ile ile utakayovaa kila siku ya mionzi, na kutokana nayo kompyuta hukokotoa dozi. MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei, huonyesha nyama laini vizuri zaidi, hivyo uvimbe unapokaribiana na tezi za mate, mpaka wake hutambulika. Kisha tezi huchorwa kwenye kioo cha kompyuta, picha baada ya picha, ili mionzi izikwepe. Mstari ukikosewa, mpango utakinga mahali pasipo na tezi, na tezi yenyewe itaungua. Kazi hii isiharakishwe hata foleni ikiwa ndefu.

Kuzikinga tezi za mate kunasaidia kweli?

Kunasaidia sana. Uvimbe mara nyingi hupewa takriban grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa wiki saba. Tezi za parotidi, zilizo mbele ya masikio, ndizo hutoa mate mengi tunapokula. Miongozo ya mwaka 2010 ilishauri wastani wa dozi usizidi grei 25 kwa zote mbili, au angalau moja ibaki chini ya 20. Katika jaribio la PARSPORT la Uingereza lililochapishwa 2011, mwaka mmoja baada ya tiba ukavu wa kinywa ulisumbua asilimia 38 ya waliokingwa parotidi, dhidi ya asilimia 74 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani. Mtu asiye na mate hashindwi kula tu. Meno yake huoza, na usiku huamka ulimi umegandamana na kaakaa. Usiku kinywa hutegemea zaidi tezi za chini ya taya, nazo pia zichorwe.

Basi kwa nini zisikingwe zote?

Uvimbe kwanza. Saratani ikiwa imekaribia tezi ya upande huo, tunaokoa ya upande wa pili.

Nimepungua uzito, barakoa inapwaya. Niseme?

Sema leo, usingoje kliniki. Wakati wa tiba parotidi husinyaa na kusogea ndani, na inaweza kuingia penye dozi kubwa. Wataalamu wakikagua na kuona mabadiliko makubwa, watakutengenezea barakoa nyingine, wapige CT mpya na kupanga upya.