Kama huna hela ya tyuni, huna hela ya inteki

Mkuu, usilipe hiyo inteki, yaani lile bomba la kuvutia hewa ya injini. (Tyuni ni kupangwa upya kwa kompyuta ya injini.) Kama umeshalipa, mpigie muuzaji simu sasa hivi azuie mzigo, halafu rudi umalizie kusoma.

Umesema una Subaru Forester XT, SG5 ya 2005, ya klachi, ndani kila kitu bado cha kiwandani. Kuna jamaa anakuuzia inteki ya inchi tatu yenye filta ya umbo la uyoga kwa laki tatu na nusu, "unachomeka tu unaondoka". Unauliza ipi bora kati ya ile fupi inayokaa chini ya boneti na ile ndefu inayoshuka ndani ya fenda, ulaji wa mafuta utakuwaje, mlio utabadilika vipi, filta iwe ya kitambaa au ya karatasi, na kama trafiki wanasumbua. Maswali mazuri. Ila mimi nimeganda kwenye hayo maneno matatu, maana niliambiwa hayo hayo. Na kweli nilichomeka nikaondoka. Kurudi ndiyo gari ilirudi juu ya lori.

Gari yangu ni pacha wa yako. SG5, injini EJ205 ya lita mbili, turbo ndogo ya TD04 ya kusukuma hewa ndani ya injini, tundu la hewa juu ya boneti. Nilinunua haijaguswa, ikakaa miezi minne, kisha mdudu akaniingia. Nikaenda dukani, nikatoa laki mbili na themanini, wakanifungia pale pale mlangoni kwa dakika arobaini. Wiki ya kwanza ilikuwa asali tupu. Turbo unaisikia ikivuta pumzi, ukiachia mafuta inapiga "pshaa", watoto wa mtaani wanageuka. Niliapa mbele ya watu kwamba nguvu imeongezeka. Mkuu, ilikuwa imeongezeka kelele. Masikio yangu ndiyo yaliyopata farasi wapya.

Wiki ya pili taa ya injini ikawaka. Nikarudi kwa yule yule aliyenifungia. Akachomeka mashine, akasoma kimya kimya, akafuta. "Kompyuta inajifunza, kaka, ipe siku mbili tatu." Ikawaka tena, akafuta tena. Mara tatu! Injini inapiga mayowe na sisi tunaiziba mdomo kwa mkono. Siku nilipojifunza kusoma hizo namba za makosa mwenyewe nikakuta ilikuwa P0171, yaani mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli haba. Yeye aliiona mara tatu. Mara tatu aliiona, na mara ya tatu alinitoza elfu kumi ya kufuta.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo hela yangu ilipozama. Kwenye gari zetu sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita ea floo, imekaa kwenye shingo ya boksi la filta. Ndani ina kijiwaya kinachopashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaotumika kukirudishia joto lake ndio kompyuta inausoma kama gramu za hewa kwa sekunde. Lakini usomaji huo ulipangwa kiwandani kwa shingo ile, kwa upana ule. Sensa haipimi bomba zima, inaonja tu hewa inayopita kwenye kitundu chake, kisha kompyuta inakisia iliyobaki. Tuseme umeitoa kwenye shingo ya milimita 65 ukaipachika kwenye bomba la milimita 75. Milimita kumi unaziona ndogo, lakini uwazi umeongezeka kwa theluthi nzima. Hewa ile ile sasa inapita kwa mwendo wa taratibu, na kompyuta inaamini imeingia pungufu kwa kama robo. Basi inamwaga petroli ya hewa iliyoisoma, wala si ya hewa iliyoingia.

Ukiwa mjini hutagundua kitu. Sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosi inashtuka, kompyuta inaongeza petroli kidogo kidogo kufidia, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake, ndipo taa inapowaka. Ila ukikanyaga mpaka chini, ile sensa ya ekzosi haisikilizwi tena, kompyuta inafuata jedwali lake la kiwandani. Kwenye turbo inayosukuma kwa nguvu, jedwali linataka kama sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, ili petroli ya ziada ipoze chumba. Toa robo ya petroli hapo uone unaangukia wapi. Unaangukia karibu na 14.7, mchanganyiko unaofaa kwa foleni ya Ubungo, kwenye busti kamili, turbo ikisukuma mpaka mwisho, ni kifo. Na balaa halijaisha. Kwa kuwa kompyuta inaona hewa kidogo, inadhani injini haina mzigo, kwa hiyo inawahisha na cheche. Mkavu, halafu cheche mapema. Juu ya hayo, gari hizi Wajapani walizipangia petroli yao ya oktani 100, na hii yetu ya vituoni haifiki huko. Yaani hata kabla hujagusa kitu tayari unatembea ukingoni mwa shimo.

Wewe mchangiaji uliyejibu hapo juu kwamba "kompyuta inajirekebisha yenyewe", rudia aya hiyo taratibu.

Desemba ile tulikuwa tunaenda Iringa, harusi ya shemeji. Ndani mke, mama mkwe, watoto wawili, masufuria ya kukodi ambayo mpaka leo sijui kwa nini yalitoka Dar kwenda Iringa. Tumefika mlima Kitonga, malori yanatambaa kama jongoo. Nikaona upenyo, gia ya tatu, mguu chini. (Najua, kupita malori Kitonga. Nilishasemwa na ukoo mzima, usinianze na wewe.) Katikati ya kupita nikasikia kitu kama mtu anatikisa kokoto kwenye debe, kwa mbali. Unajua nilifanya nini? Niliongeza redio. Mwanaume mzima, baba wa watoto, injini inanoki, yaani petroli inalipuka kabla ya wakati wake, naongeza redio.

Malori mawili mbele, gari ikapoteza nguvu, nyuma pakawa na wingu la bluu. Nikaegesha. Injini inatetemeka kama ina homa. Mama mkwe, ambaye tangu Morogoro hakusema neno, akasema kwa upole, "Baba, hii gari yenu inakohoa."

Tulivutwa kwa kamba na lori lililokuwa linarudi Ilula kubeba nyanya. Mama mkwe alipanda mbele kwa dereva, na nasikia waliongea vizuri sana. Harusini tulifika kwa Noah ya watu, masufuria yamepakatwa. Bwana harusi ananipokea, anauliza, "Lile dude liko wapi?"

Kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ikasoma 140, 135, 140, na silinda namba nne 45. Wanaozijua injini hizi wameshatikisa kichwa, namba nne ndiyo inayotangulia kaburini. Kufungua, tukakuta ukingo wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika, kipande kimekwaruza ukuta wa silinda. Hapo huna cha kupiga msasa. Injini ya mtumba kutoka Japani milioni tatu na laki nane. Gasketi, klachi (ukishashusha injini unabadili tu), oili na ufundi laki tisa. Lori la kuileta Dar laki sita. Jumla milioni tano na laki tatu, kwa bomba la laki mbili na themanini. Mke wangu anaijua hesabu hiyo kwa kichwa, anaitaja nikiomba hela ya vocha.

Nilirudi dukani. Sikuenda kudai hela, nilienda kudai neno tu, pole au samahani. Akanitazama usoni akasema, "Injini yako ilikuwa imechoka." Eti watu mia wamefunga, hakuna aliyelalamika. Kaka, waliolalamika wako gereji, hawana gari ya kuja nayo! Halafu kuna yule Mmarekani wa kwenye video niliyemtazama usiku kucha kabla ya kununua. Grafu inapanda, muziki unapigwa, farasi wanaongezeka. Baada ya msiba nikarudia video yote. Kule mwishoni kabisa, sauti imeshushwa, anasema hizo namba ni "baada ya tyuni". Sekunde mbili. Mimi nilikuwa nimeshaifunga nikaenda kutoa hela kwa wakala.

Ndiyo maana narudia: kama huna hela ya tyuni, huna hela ya inteki. Na siyo tyuni ya mwezi ujao. Bomba linafungwa siku ile ile, pale pale kwa mtu mwenye laptopu, mwenye kipimo cha mchanganyiko kilichochomekwa kwenye ekzosi, anayeandika upya usomaji wa sensa kwa bomba hilo hilo na si kwa la rafiki yako. Akikwambia "nina faili la Subaru, naliingiza tu", chukua funguo zako uondoke.

Na kuna kitu hawatakwambia. Kwa turbo ile ndogo, boksi la kiwandani wala halikubani. Injini ya pili nimeirudishia boksi lake, filta ya karatasi, kisha nikampelekea fundi tyuni ikiwa hivyo hivyo. Gari sasa ina nguvu kuliko wakati ule wa makelele, na haifanyi "pshaa". Watoto wa mtaani hawageuki tena, nimekubali.

Mengine kwa haraka. Ile ndefu ya kwenye fenda: masika, Jangwani pamejaa maji, na filta iko usawa wa goti. Maji hayabanwi kama hewa, injini ikiyanywa inapinda mkono wa pistoni. Ile fupi inavuta hewa iliyochemshwa na injini yenyewe, na kwa joto la Dar sihitaji kueleza. Filta ya kitambaa ya kupaka oili, ukizidisha oili inakwenda kuganda kwenye kile kijiwaya cha sensa, tunarudi palepale kwenye kusoma uongo. Ukitembea sana barabara za vumbi, kumbuka mapanga ya turbo yanazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, vumbi linalopenya filta mbovu hapo ni msasa.

Kama hiyo laki tatu na nusu inakuwasha mfukoni, anza na ule mpira mkubwa unaopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo. Kwenye gari za umri huu unapasuka upande wa chini usikoonekana, na hewa inayoingilia hapo haijapita kwenye sensa, kwa hiyo ni ugonjwa ule ule bila hata kununua inteki. Badili huo, badili plagi, safisha sensa kwa dawa yake (usitumie petroli, usiguse waya kwa kidole), kagua vibano vyote mpaka kwenye turbo. Piga picha ya shingo ya boksi lako uitupie hapa, tuone kama aliyekuuzia gari hajaanza kuichokonoa.

Na wale watatu mlionifuata PM mkiuliza kama lile bomba bado ninalo na ninauza bei gani: ninalo. Siuzi.