Chumvi ni ipi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeambiwa upunguze chumvi. Umegeuza pakiti ya biskuti, ukakuta neno chumvi halipo, pameandikwa tu "sodiamu miligramu 400". Halafu ukakumbuka kwamba darasani mlifundishwa kuwa chumvi ziko nyingi. Ndipo ukauliza: aliyekwambia upunguze alikuwa anasema ipi?

Alikuwa anasema ile ya jikoni. Neno likisimama peke yake, bila kivumishi, ni hiyo hiyo siku zote: kloridi ya sodiamu, tunayoiita pia chumvi ya mezani. Kamusi zitakupa na munyu, neno la zamani lenye ndugu zake, umunyu wa Kinyarwanda na omunnyo wa Kiganda, lakini kwenye Kiswahili cha kila siku chumvi ndiyo imeshika nafasi.

Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi. Katika gramu 100 za chumvi, sodiamu ni kama gramu 39. Zinazobaki ni klorini. Kwa hiyo ukitaka kuijua chumvi, zidisha sodiamu kwa 2.5. Miligramu 400 zako ni sawa na gramu 1 ya chumvi. Wengi hukosea hapa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni gramu 2 za sodiamu. Ukichanganya majina hayo mawili, utadhani una nafasi ya kula mara mbili na nusu ya unachoruhusiwa. Angalia pia kama hesabu ya pakiti ni ya gramu 100 au ya kipande kimoja, maana hapo ndipo watengenezaji hujificha. Na usishangae kuona sodiamu kwenye kitu kisicho na ladha ya chumvi: poda ya kuokea (baking powder) na soda ya kuokea zote zina sodiamu.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini kina gramu 5 hadi 6. Chumvi ya mawe iliyosagwa kwa chenga kubwa haishikani vizuri kwenye kijiko, huacha nafasi za hewa, kwa hiyo kijiko kile kile kina chumvi pungufu. Ndiyo maana ukibadilisha aina ya chumvi bila kubadilisha kipimo, chakula huwa chapwa au huwa hakiliki. Mizani ya jikoni humaliza ubishi huo. Maelezo ya mapishi yakisema "chumvi kiasi", maana yake ni tia, koroga, onja, kisha ongeza. Ila onja mwishoni pia: mchuzi ukichemka maji hupungua, chumvi haiendi na mvuke, hivyo kilichokuwa kimekolea mwanzo kinazidi baadaye. Ikizidi, ongeza maji au viungo visivyo na chumvi. Hilo la kutumbukiza kiazi kibichi halisaidii kama watu wanavyodai. Kiazi hunyonya maji yenye chumvi pamoja na chumvi yake, na mchuzi unaobaki unakuwa na ukali ule ule.

Sasa zile nyingine. Kwa mkemia, chumvi ni zao lolote la asidi kukutana na besi, na nyingi haziliwi kabisa. Chumvi ya haluli ni salfeti ya magniziamu. Ni dawa ya kuendesha tumbo, na inafanana na chumvi ya kawaida kwa macho. Magadi nayo ni kaboneti za sodiamu, yana uchungu wa sabuni, wala watu hawayaiti chumvi. Ile inayouzwa kama chumvi yenye sodiamu kidogo imechanganywa na kloridi ya potasiamu. Mtu mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, asiiguse kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Jina likikosewa, madhara yake huonekana zaidi kwenye maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha. Pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji (ORS) ndiyo bora. Ikikosekana, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na ya haluli itamharisha zaidi.

Ukinunua, tafuta yenye madini joto, yaani iodini, kinga ya rovu. Ifunike vizuri, mbali na unyevu, jua na jiko, na itie chakula kikikaribia kuiva, kwani iodini hupotea.

Kuhusu lugha: mtu akisema "mboga ina chumvi", kwa kawaida analalamika kwamba imezidi. Akiridhika atasema imekolea. Kutia chumvi kwenye habari ni kuongeza yasiyokuwepo, na aliyekula chumvi nyingi ni mzee wa miaka mingi, hata kama daktari alishamkataza. Usidanganywe na ile "ch" ya mwanzo ukaipeleka kwenye ngeli ya chuma na chumba. Ni chumvi hii, chumvi imekwisha. Wingi tuwaachie wakemia. Ukiniandikia kwamba chumvi zako zimekwisha, nitadhani umefungua maabara.

Mama yako