Kuhusu Morien, na ile picha ya Magdeburg

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Shule ya mjukuu wangu hapo Den Haag, Uholanzi, wanaigiza visa vya kale vya Mfalme Arthur na mashujaa wake. Yeye anataka kuwa Walewein, mmoja wa mashujaa hao, mwalimu amempangia Morien kwa kuwa Morien alikuwa mweusi, nawe unauliza ukubali au ukatae. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza, maana tangu uniletee ile tafsiri ya Kiingereza ya Morien, shairi la kale la Kiholanzi, kisa chake hakinitoki kichwani.

Watu wakimsoma hukimbilia rangi yake. Mimi nimenaswa na mama yake. Aglovale, shujaa wa Arthur, alifika nchi ya Wamori, watu weusi, akimtafuta shujaa mwenzake Lancelot aliyekuwa amepotea, akapendana na binti wa watu, akamwahidi ndoa, kisha akaenda zake kuendelea na msako. Mtoto akakua akisimangwa hana baba, na mali ya mama yake ikachukuliwa. Ndiyo maana kijana anavaa deraya nyeusi, anabeba ngao nyeusi, na kila shujaa anayekutana naye njiani anamsimamisha: nieleze aliko Aglovale, la sivyo tupigane. Anayepigana naye mbele ya macho yetu ni Lancelot, yule yule aliyekuwa akitafutwa! Walewein ndiye anayewaamua, kwa maneno mazuri. Shangazi yako alivyokaa akingoja barua ya Muscat huna haja ya kusimuliwa, ulilala naye chumba kimoja.

Na Morien si peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1200 mshairi wa Kijerumani, Wolfram von Eschenbach, alisimulia habari za Gahmuret aliyemwoa Belacane, malkia mweusi wa Zazamanc, akamtoroka usiku kwa chombo, mke ana mimba. Aliacha barua. Kisingizio chake dini: ungebatizwa ningebaki. Belacane akasema angebatizwa kwa moyo wake wote. Lakini alikuwa ameulizwa lini? Mtoto wao, Feirefiz, akazaliwa na mabaka meusi na meupe, na mama akawa anayabusu yale meupe kwa kumkumbuka mumewe. Hapo kitabu nilikifunga nikatoka nje.

Sikatai kwamba washairi hao waliwapa heshima. Feirefiz anapigana na Parzival bila kujua ni ndugu yake wa baba mmoja. Upanga wa Parzival unavunjika, na Feirefiz anautupa wake, hataki kumpiga mtu asiye na silaha. Sijasoma ungwana kuupita huo. Lakini huyo huyo Feirefiz haioni Grail, kile kitu kitakatifu wanachokitafuta mashujaa, mpaka abatizwe. Liko na shairi la Kiingereza la Mfalme wa Tars, humo sultani anabatizwa na ngozi yake nyeusi inageuka nyeupe. Morien amepona hilo. Anaingia mweusi, Mkristo tayari, na anatoka mweusi, baba amepatikana, mama ameolewa, mali imerudi. Mshairi anasema, ingawa alikuwa mweusi, ilimdhuru nini? Msemo huo niliupenda, kisha ukaniudhi, maana Lancelot hakuna anayemtetea hivyo. Kisha tena nikasema, aah, huyu alijua anawasimulia akina nani. Humo humo wavushaji wanamkimbia Morien wakidhani ni shetani, na mshairi yuko upande wake.

Sasa nikueleze ile picha iliyo kwenye bahasha ya vyeti vyangu, hujawahi kuisikia yote. Nilipokuwa nasomea ufundi wa mashine Ujerumani Mashariki, niliingia kanisa kuu la Magdeburg peke yangu, kukimbia baridi tu. Nikamkuta Mtakatifu Mauritius. Sanamu ya mawe, ya miaka ya 1240 hivi, miguu imekatika chini ya magoti, mwili mzima umefunikwa deraya ya pete za chuma mpaka kichwani, na katikati ya chuma kile uso wa mtu mweusi, pua yetu, midomo yetu, rangi bado imeshika. Hakuwa mtumishi wa mtu, wala hakuwa amechongwa ili achekwe. Ni msimamizi wa kanisa lile, na Mfalme Otto wa Kwanza amezikwa humo humo. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Furaha ile siwezi kukuandikia.

Baadaye msimamizi wetu wa karakana akatupeleka wote pale. Wenzangu akawapiga picha kwa pamoja, wamejipanga. Mimi akaniita pembeni: wewe njoo hapa, karibu yake, geuza uso, hivyo hivyo, mnafanana! Wakacheka, bila ubaya. Mtu mwema yule, alinipa koti lake majira ya baridi. Lakini ukiitazama picha utaona nimekaza taya. Kitu nilichokipata mwenyewe nilirudishiwa kama amri. Tangu siku hiyo nasema, nanyi mmeshachoka kunisikia: uso wa mtu si vazi la mchezo.

Basi akatae? Hapo ndipo ninapogongana na nafsi yangu. Kitabu chenye Morien, kilichonakiliwa kama mwaka 1320, kiko hapo hapo mjini mwenu, katika Maktaba ya Kifalme, kwa lugha ya mababu wa watoto wale wanaosoma naye. Mjukuu wangu akimwacha Morien, nani atawaambia kwamba ni wao waliomtunga? Akiigiza vizuri watamkumbuka maisha yao yote. Lakini kwa nini mzigo wa kuwafundisha ubebwe na mtoto mdogo? Na kwa nini Morien asichezwe na mtoto yeyote, na mweusi akawa Walewein, msuluhishi, mwenye maneno mazuri? Uso wa mtu si vazi la mchezo, narudia.

Mama yako amenikataza kukuamulia, anasema mtoto ni wako. Nimekubali kwa shingo upande, maana jibu ninalo. Msomee mtoto pale Morien anapopigana na Lancelot, umsomee na pale wavushaji wanapomkimbia, usimfiche, kisha yeye mwenyewe aseme anamtaka nani. Atakayemtaja, nenda naye kwa mwalimu mkamwambie pamoja. Mkitoka huko nipigie, hata ikiwa usiku wa manane kwetu.

Baba yako