Jibu: Pai ya kastadi inatoa maji, chini mbichi

Habari dada. Umesema kastadi inaachia maji na ganda la chini linabaki bichi, ingawa unaoka saa nzima. Anza kuangalia hiyo saa nzima: yai likizidi moto hukaza na kukamua maji, na ukiongeza muda unalizidishia tu.

Ganda lioke kwanza likiwa tupu. Tandika karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu, nyuzi 200 kwa dakika 15. Toa maharage, paka ute wa yai, rudisha dakika 5. Huo ute ndio unaozuia maziwa yasipenye.

Chombo cha sentimita 23 kinataka mayai 4, maziwa nusu lita, sukari gramu 100 na chumvi kidogo. Maziwa ya kupimiwa dukani yachemshe, yaache yawe vuguvugu, changanya bila kupiga povu, kisha chuja. Shusha moto hadi 160, kama dakika 40. Toa kingo zikishashika na katikati bado inatikisika, itamalizikia nje.

Kama ni sigiri, baada ya kumimina kastadi weka makaa mengi juu ya kifuniko, machache chini. Usikate kabla haijapoa kwa muda wa saa 2.