Jibu: Mtoto asiyesikia vizuri kwenye darasa lenye watoto wengi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utamfundishaje mtoto asiyesikia vizuri bila kuwaacha wenzake nyuma. Mimi nafundisha darasa la pili, nami nina mtoto kama huyo, na nilianza kwa kukosea: nilimkalisha mbele kabisa nikadhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa naongea huku naandika ubaoni, nimewapa mgongo. Anayesoma midomo atasoma nini kisogoni?

Siku hizi naandika kwanza, nageuka, ndipo naongea. Sisimami dirishani, maana mwanga ukiwa nyuma yangu uso hauonekani. Sipigi kelele wala sivuti maneno. Midomo ikipinda ndiyo anapotea zaidi. Mwenzake akijibu kutoka nyuma, narudia jibu nikimtazama yeye. Na usimuulize "umeelewa?" Ataitikia kwa kichwa tu, yaishe. Mwambie akuonyeshe: apange vizibo 7, aongeze 5, uone kama anafika 12.

Kuhusu wenzake, wala usihofu. Maelekezo niliyoanza kuyachora ubaoni kwa ajili yake, anayeyategemea kuliko wote ni mtoto mmoja anayekaa katikati ya darasa, ambaye masikio yake ni mazima ila akili hutoroka kila dakika.

Kinachonisumbua bado ni kazi za vikundi. Watoto wanne wakiongea kwa pamoja, yeye haambulii kitu. Nimewapa kalamu moja ya kupokezana. Aliyeishika ndiye mwenye zamu ya kusema. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine wanaigombania hiyo hiyo kalamu.