Namba moja na namba mbili wanakutana, halafu 9 kwa 6?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nimeanza kufuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani juzijuzi tu, ile ya kuvaa helmeti, na kuna jamaa yangu kila siku ananisumbua nikaitafute mechi ya LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana) na Alabama ya 2011, eti hiyo ndio mechi kali. Nimeitafuta nimeiangalia mpaka mwisho, 9 kwa 6, tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mwenzako upate pointi 6, hamna hata moja! Sasa huo ukali uko wapi? Halafu nasikia Alabama aliyefungwa ndiye aliyebeba ubingwa, imekaaje hiyo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Jamaa yako hajakudanganya, ila wewe umeangalia namba za kwenye ubao, mwenzako anaangalia mabeki. Ile tarehe 5 Novemba 2011 pale Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, LSU alikuwa namba moja na Alabama namba mbili, wote hawajapoteza, na kocha wa Alabama, Nick Saban, ndiye aliyewapa LSU ubingwa wa msimu wa 2003 kabla hajaondoka, kwa hiyo chuki ilishakuwepo kabla hata mpira haujaanza. Na wale mabeki hawakuwa wa kawaida, drafti ya 2012 ya NFL, yaani pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wa vyuo, raundi ya kwanza peke yake ilibeba wachezaji sita kutoka kwenye mechi hiyo, watano kati yao walikuwa wa kuzuia. Sasa hapo unapitaje?

Alabama ndio walisogea zaidi, shida yao ilikuwa mguu. Mara tatu za mwanzo walijaribu kupiga mpira upite katikati ya nguzo wachukue pointi 3, mbili zikatoka nje na moja ikazuiwa. Mpaka mechi inaisha walikuwa wamekosa nne kati ya sita, na mechi yenyewe imeamuliwa kwa pointi 3, piga hesabu mwenyewe.

Rudia kuangalia kota ya nne, ile robo ya mwisho, wako 6 kwa 6. Alabama wanafanya ujanja, mpira anapewa Marquis Maze ambaye kazi yake ni kudaka pasi, yeye ndio anarusha, unaenda mrefu mpaka karibu kabisa na mstari wa goli, Michael Williams anaruka ameshaushika, na Eric Reid wa LSU kaning'inia naye hapohapo wanaugombania hewani, wanavyofika chini mpira uko kwa Reid. Yadi moja tu kutoka kwenye mstari wao! LSU wamebanwa kule nyuma, wanashindwa kutoka, akaja kijana wao Brad Wing akaubutua yadi 73. Kwangu mimi mechi iliishia hapo, hayo mengine ni kumalizia.

Muda wa nyongeza kila timu inaanzia yadi ya 25 ya mwenzake. Alabama badala ya kwenda mbele wakarudishwa nyuma, wakalazimika kupiga kutoka yadi 52, wakakosa. LSU wakakimbia wakasogea, Drew Alleman akapiga ya yadi 25, kwisha habari.

Kuhusu ubingwa, enzi hizo timu mbili za fainali zilipangwa na kura pamoja na kompyuta, mfumo wa BCS. Wiki mbili baadaye Oklahoma State waliokuwa namba mbili wakapigwa na Iowa State 37 kwa 31 kwenye nyongeza ya pili, Alabama akarudi juu akaipata nafasi ya fainali, na wala hakucheza fainali ya ligi yake ya SEC, aliyecheza ni LSU akampiga Georgia 42 kwa 10. Januari 9, 2012 wakarudiana New Orleans, Alabama 21, LSU 0, na safari hii Jeremy Shelley alifunga mipira mitano ya mguu, yaani pointi 15. Tachidauni ikaja dakika za mwishomwisho kwa Trent Richardson, hiyo moja tu kwenye mechi zote mbili!

Mimi naona Oklahoma State alionewa, alikuwa bingwa wa ligi yake na LSU alishampiga Alabama kwake, sasa kurudia ya nini? Lawama zikawa nyingi, kuanzia msimu wa 2014 wakaleta mtoano wa timu 4, na 2024 zikawa 12.